Upepo wa jua ulitakiwa upoe njiani, sasa ioni zake zinatoa wapi joto?

Tairi la baiskeli likiwa limejaa vizuri, bonyeza ile pini ya valvu halafu acha kidole pale upepo unapotokea. Ni baridi. Na ule upepo ndani ya tairi haukuwa baridi, ulikuwa na joto lilelile la hapo ulipo, kilichoupoza ni kutanuka, maana gesi ikitanuka inatumia nishati yake yenyewe kujisukuma na isipopata moto mwingine wa kufidia lazima ishuke joto. Hii ni fizikia ya sekondari, haina mjadala, na ndiyo imewasumbua watu wanaosoma jua kwa miaka zaidi ya 60, kwa sababu kuna upepo mmoja unaotanuka kuliko gesi ya tairi lolote na haupoi inavyotakiwa.

Huo ni upepo wa jua. Sio hewa kama hii yetu, ni plazma, yaani atomu zilizopigwa joto mpaka elektroni zikang'oka, kwa hiyo kinachosafiri ni ioni na elektroni kila moja kivyake. Ioni zenyewe zaidi ya asilimia 90 ni protoni, haidrojeni iliyopoteza elektroni yake moja iliyonayo, halafu heliamu asilimia 4 au 5 hivi (hizi tunaziita alfa), na zilizobaki ni oksijeni, kaboni, chuma na wenzao, kidogo sana. Upepo unatoka kwenye korona, lile tabaka la nje la jua lenye joto la Kelvini milioni 1 mpaka 2, unavuma kilomita 300 mpaka 800 kwa sekunde, na kwa spidi hiyo kilomita milioni 150 za kutoka jua mpaka huku kwetu unazimaliza kwa siku mbili mpaka sita.

Ukifika hapa umeshatanuka mno. Kwenye kijisanduku cha sentimita 1 kwa 1 kwa 1 unakuta protoni 5 mpaka 10 tu basi. Sasa ukipiga hesabu ya gesi inayotanuka kila upande bila kuongezewa moto, kila umbali unapoongezeka mara 3 joto linatakiwa libaki chini ya robo. Vyombo vya Helios 1 na Helios 2, kazi ya Ujerumani Magharibi na Marekani, vilivyorushwa mwishoni mwa 1974 na mwanzoni mwa 1976, vilisogelea jua mpaka kwenye umbali kama wa theluthi moja ya ule wa dunia, vikapima njia nzima. Kwa hesabu ya tairi joto la protoni kutoka pale mpaka hapa lilitakiwa libaki moja ya tano. Kwenye upepo wa kasi likabaki karibu nusu. Yaani kuna kitu kinachochea kuni njia nzima, kwenye utupu, mamilioni ya kilomita kutoka kwenye jiko.

Hata Eugene Parker, aliyesema mwaka 1958 kwamba lazima jua linapuliza upepo wenye kasi kuliko sauti, hili la kuni hakulitatua, alichukulia tu kwamba korona inabaki na joto lake hata inapotanuka, basi hesabu zikatoa upepo. Wahakiki wawili wa jarida waliikataa ile makala, mhariri Subrahmanyan Chandrasekhar akaichapisha hivyohivyo kwa sababu hawakuonyesha kosa lolote kwenye hesabu, na 1962 chombo cha Mariner 2 kikielekea Zuhura kikaukuta upepo unavuma muda wote. Kwa hiyo upepo upo, hilo liliisha. Swali la moto wake ndio likaanza.

Kabla ya kwenda mbali tukubaliane kwanza joto ni nini huku, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Sufuria ya makande: mahindi na maharage vimekaa pamoja jikoni masaa mawili, ukiopoa punje ya hindi na punje ya haragwe zote zina joto moja, haiwezekani haragwe liwe na moto mara nne ya hindi lililo pembeni yake, kwa sababu kila kitu mle kinagusana na kinagawana. Kwenye upepo wa jua hakuna kugusana. Protoni inaweza kutoka jua ikafika duniani ikiwa imegongana na wenzake mara moja hivi, au isigongane kabisa. Kwa hiyo kila aina ya ioni inatembea na joto lake, na "joto" maana yake ni kwamba ukitoa ile spidi ya pamoja ya upepo mzima, ioni zinatofautiana spidi kiasi gani zenyewe kwa zenyewe. Zikitofautiana kidogo ni baridi, zikitofautiana sana ni moto. Basi.

Na hii inapimika vizuri tu. Kwenye chombo cha Parker Solar Probe kuna kikombe kimetokeza pembeni ya ngao ya joto, kinaliangalia jua uso kwa uso, na kwa sababu kiko nje ya kivuli kimejengwa kwa vitu vya ajabu kidogo: kikombe chenyewe ni aloi ya titani, zirkoni na molibdeni, nyavu zake ni tungsteni, nyaya zake ni niobi na zimetenganishwa kwa yakuti samawi badala ya plastiki, ambayo ingeyeyuka. Zile nyavu zina volti. Ukiweka volti ndogo ioni karibu zote zinapita, ukiipandisha zile dhaifu zinarudishwa mlangoni, ukiendelea kupandisha hata zenye nguvu zinarudi, kwa hiyo unapandisha hatua kwa hatua huku unahesabu umeme unaoingia kwenye kikombe na mwisho unachora mlima. Upepo wa kilomita 400 kwa sekunde unakupa mlima wa protoni karibu na volti 800 na kitu. Halafu mbele yake, karibu volti 1,700, kuna kilima kingine kidogo, hizo ni alfa, sababu zina uzito mara 4 na chaji mara 2, kwa spidi ileile zinahitaji volti mara mbili kuzizuia. Upana wa mlima ndio joto. Mlima mwembamba upepo baridi, mlima uliotanuka kiuno upepo wa moto.

Sasa ule mlima wa pili ndio wenye siri. Kwenye upepo wa kasi alfa zina joto mara 4 ya protoni, saa ingine mara 5 au 6. Makande yale, haragwe lina moto kuliko hindi. Na tena zinakimbia mbele ya protoni kwa makumi ya kilomita kwa sekunde, ioni nzito inamwacha mwepesi nyuma! Mtu akikuuliza kwa nini najali hili jambo, ni hapo. Ingekuwa moto wa kawaida tu, wa kugongana na kugawana, nzito na nyepesi zingelingana. Kwa hiyo huyu anayechochea kuni anachagua nani ampe zaidi, na anayechagua unaweza kumkamata.

Mwaka 1995 chombo cha kuchunguza jua cha SOHO kilirushwa, na kimoja kati ya vifaa vyake, kilichoongozwa na John Kohl, kilikuwa kinafunika jua lenyewe na kuangalia mwanga wa urujuanimno wa korona juu ya ncha za jua, kule upepo wa kasi unakotoka. Walikuwa wanautazama mstari mmoja wa mwanga wa oksijeni iliyopoteza elektroni 5. Mstari kama ule ioni zikitulia unakuwa mwembamba, zikirukaruka unatanuka. Walichokuta ni kwamba umetanuka kupita matarajio, na walipobadilisha kuwa joto ikaja zaidi ya Kelvini milioni 100. Kitovu cha jua, pale haidrojeni inapoungua kuwa heliamu, ni milioni 15. Yaani oksijeni iliyoko nje kabisa, kwenye korona, kwa kipimo hiki ina moto kuliko tumbo la jua mara kadhaa, wakati protoni za palepale ziko kwenye milioni chache tu.

Ila hiyo milioni 100 ilikuwa kwa upande mmoja. Ioni haiendi inakotaka, imeshikwa na uga wa sumaku. Fikiria mbwa aliyefungwa kamba fupi, na kamba yenyewe ina pete inayoteleza kwenye waya mrefu uliotandazwa uwanjani: kufuata waya anakimbia anavyotaka, lakini kwenda pembeni anaishia kuzunguka tu. Ioni ni hivyohivyo, kwa urefu wa mstari wa sumaku iko huru, kwa upande inazungukazunguka duara. Kwa hiyo ina joto mbili, la kufuata waya na la kuzunguka, na bila migongano hizi mbili hazilazimiki kulingana. Ile oksijeni ilikuwa na joto la kuzunguka kubwa mara 10 mpaka 100 kuliko la kufuata mstari.

Na hapa kuna jambo la kushangaza zaidi. Uga wa sumaku unadhoofika kadiri unavyoacha jua, na sheria inasema uga ukidhoofika taratibu nguvu ya kuzunguka inapungua kwa kiwango hichohicho, inageuzwa kuwa mwendo wa kwenda mbele. Kwa hiyo joto la kuzunguka ndilo lilitakiwa life la kwanza, mapema kabisa. Helios ikakuta kwenye upepo wa kasi karibu na jua ndilo kubwa. Maana yake mchochezi wetu anajaza upande uleule unaovuja kuliko wote, na anajaza haraka kuliko unavyovuja. Tumeshapata sifa tatu za mtu huyu: yuko njia nzima, anapendelea nzito, na anasukuma kwa pembeni.

Mtuhumiwa wa kwanza kila mtu anamjua, mawimbi ya Alfvén. Hannes Alfvén, Mswidi, aliyafikiria 1942 na akapata Nobel 1970. Mstari wa sumaku ndani ya plazma una mkazo kama uzi wa gambusi, ioni zimeupa uzito, ukiuvuta pembeni ukauachia wimbi linakimbia juu yake. Uso wa jua unachemka kama uji mzito muda wote na mizizi ya mistari ya sumaku imo humohumo, kwa hiyo uzi unapigwa bila kupumzika. John Belcher na Leverett Davis wakaonyesha 1971, kwa data ya Mariner 5, kwamba upepo wa jua umejaa haya mawimbi na mengi yanatoka kwenye jua kwenda nje. Kuni zipo basi, tena nyingi. Lakini kuni kuwepo na kuni kuwaka ni vitu viwili. Mawimbi makubwa yale yanachukua dakika nyingi mpaka masaa kupanda na kushuka mara moja, ioni inapanda na kushuka nayo kama chupa tupu juu ya maji ya bahari, haipati joto lolote. Nishati ya wimbi kubwa inaingiaje kwenye ioni moja moja, hilo ndilo swali lenyewe lote.

Jibu la zamani na zuri ni bembea. Mtoto yuko kwenye bembea, ukimsukuma ovyoovyo hamna kitu, ukimsukuma kila anaporudi kwako anapaa, na hauhitaji nguvu nyingi. Ioni inazunguka duara lake kwa mpigo maalumu. Hapa karibu na dunia uga wa upepo ni nanotesla 5 hivi, maelfu ya mara dhaifu kuliko ule unaogeuza dira yako, protoni inamaliza duara moja kwa sekunde 13, alfa sekunde 26, oksijeni iliyopoteza elektroni 6 inachukua sekunde 35 hivi. Likija wimbi ambalo uga wake wa umeme unazunguka upande uleule kwa mpigo uleule, kila duara ioni inasukumwa mahali pake, duara linakua, na duara kukua ndio joto la kuzunguka kupanda. Kwa pembeni, kama tulivyoona.

Na kupendelea nzito? Angalia tena zile sekunde, nzito zinazunguka polepole. Mawimbi ya polepole ndiyo makubwa na yenye nishati nyingi, ya harakaharaka ni madogo, sababu nishati inashuka kutoka makubwa kwenda madogo. Waliokulia Kilimanjaro wataelewa haraka, ni mfongo. Mfereji unatoka juu mlimani, wa juu anafungulia kwanza shambani kwake, wa chini anapata kilichopita. Oksijeni na alfa ziko juu ya mfereji, protoni ziko chini. Kwa kuwa nzito ni chache hazikaushi maji, bado fungu kubwa kwa jumla linaenda kwa protoni, lakini kwa kichwa kimoja kimoja nzito inalowa zaidi. Sifa zote zimekamilika, na ukisoma hapo tu unaweza kufunga daftari.

Bahati mbaya mfereji haupiti pale tulipodhani.

Ile njia ya nishati kushuka kutoka mawimbi makubwa kwenda madogo ni msukosuko, wa aina ileile unaoonekana maji ya mto yakipita kwenye mawe, wimbi kubwa linavunjika kuwa madogo, na hayo kuwa madogo zaidi, na Andrei Kolmogorov aliandika mwaka 1941 nishati inavyogawanyika kwa kila saizi. Vyombo vikipima upepo wa jua vinakuta mteremko karibu na ule wa Kolmogorov. Lakini plazma yenye uga wa sumaku haivunjiki sawasawa kila upande. Umewahi kumwona mama wa pwani anachambua makumbi ya nazi asokote kamba? Anachana, anachana tena, nyuzi zinakuwa nyembamba mno lakini urefu unabaki karibu uleule. Msukosuko wa sumaku unachana hivyo, mikondo inakuwa myembamba kwa upande na inabaki mirefu kwa kufuata mstari wa sumaku. Peter Goldreich na Sridhar waliliweka hili vizuri 1995. Sasa mpigo wa wimbi la Alfvén unategemea urefu wake kwa kufuata mstari, haujali wembamba. Kwa hiyo nishati inashuka mpaka mikondo inakuwa na upana wa kilomita 100 hivi, saizi ya duara la protoni hapa kwetu, na bado mpigo wake ni wa polepole mno kusukuma bembea. Kutoka hapo inapita ikawe mawimbi madogo zaidi ambayo mwisho wake, kwa nadharia, ni kupasha elektroni. Elektroni! Na vipimo vya upepo wa kasi vinaonyesha protoni ndizo zenye moto kuliko elektroni. Hesabu na vipimo vikakataana waziwazi, na hali hiyo ilidumu miaka.

Njia moja ya kutokea aliitoa Benjamin Chandran na wenzake mwaka 2010, nami naipenda kwa sababu haihitaji bembea kabisa. Fikiria dau baharini. Likija wimbi refu kuliko dau mara mia, dau linapanda na kushuka taratibu, abiria hata halowi. Vikija vijimawimbi vya urefu wa kiganja, havilifanyi kitu. Ila yakija mawimbi yenye urefu kama wa dau lenyewe, na ni makubwa, hapo ndipo dau linarushwa huku na huku na nahodha anashika usukani kwa mikono miwili. Duara la ioni ndio dau. Mikondo ikiwa na saizi ya duara na ina nguvu ya kutosha, ioni haimalizi duara lake vizuri, inasukumwa huku, inavutwa kule, bila mpangilio, na mtu anayesukumwa bila mpangilio mara elfu mwisho anajikuta mbali na alipoanzia. Duara linakua. Nzito zina duara kubwa zaidi, zinakutana na mikondo mikubwa yenye nguvu zaidi, kwa hiyo nazo zinapata zaidi, na ni joto la pembeni. Shida yake moja: inategemea sana ukubwa wa mawimbi pale chini kabisa, mawimbi yakipungua kidogo tu, joto linashuka sana.

(Kuna pia wanaosema kazi inafanyika pale mistari ya sumaku inapokatika na kuungana upya kwenye tabaka nyembamba za umeme. Ipo, inapimwa, nadhani ina mchango wake, ila peke yake sioni inavyoeleza upendeleo wa nzito kwa usafi uleule.)

Wazo jipya ambalo kwa maoni yangu limebadilisha mazungumzo lilikuja 2021 na 2022 kutoka kwa Romain Meyrand, Jonathan Squire na wenzao, linaitwa kizuizi cha helisiti (helisiti ni kipimo cha jinsi uga wa sumaku na mwendo wa plazma vinavyofuatana na kujisokota). Karibu na jua mawimbi karibu yote yanakwenda upande mmoja, nje, machache tu yanarudi. Na msukosuko unatokea pale mawimbi ya pande mbili yanapokutana. Hesabu zao zikaonyesha kwamba kukiwa na upande mmoja hivi, nishati ikifika kwenye saizi ya duara la protoni inakataliwa kupita kwenda kwa elektroni, kuna sheria ya uhifadhi inayoifungia geti. Inapita kidogo tu, inayozidi inarundikana juu ya geti. Maji yakirundikana kina kinapanda, mawimbi yanazidi kuwa makubwa, na mawimbi makubwa kupita kiasi hayabaki kuwa nyuzi ndefu zilizonyooka, yanaanza kujikunja na kupata vipande vifupi hata kwa kufuata mstari wa sumaku. Vipande vifupi maana yake mpigo wa haraka. Mpigo wa haraka maana yake bembea. Kwa hiyo mfereji uliokuwa unapita mbali na mashamba unafurika mpaka unaingia mashambani wenyewe, na ioni zinapata maji.

Unaona uzuri wake? Ile pingamizi ya makumbi haikufutwa, inabaki kweli, na bembea nayo inarudi kwa mlango mwingine. Tena inaeleza kwa nini upepo wenye mawimbi ya upande mmoja ndio huwa na ioni za moto, na kwa nini Parker Solar Probe inakutana mara nyingi na mawimbi yenye mpigo wa kuzungusha ioni, ambayo kwa hesabu za makumbi peke yake yasingekuwepo kabisa.

Hicho chombo kilirushwa tarehe 12 Agosti 2018 na Eugene Parker akiwa pale anaangalia, ana miaka 91, roketi imebeba jina lake kwenda kwenye upepo aliouandika akiwa kijana na ukakataliwa. Alifariki Machi 2022. Aprili 2021 kilikuwa kimeshavuka mpaka wa Alfvén, kwenye kilomita milioni 13 hivi juu ya uso wa jua, pale upepo bado uko polepole kuliko mawimbi yake yenyewe, wimbi linaweza hata kurudi jua. Desemba 24, 2024 kikapita kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso wa jua kwa spidi ya kilomita 692,000 kwa saa. Wakati Helios waliishia kwenye theluthi ya umbali wa dunia na jua, hiki kinaingia jikoni.

Na kilipata msaidizi, Solar Orbiter, kilichorushwa Februari 2020. Miaka miwili baadaye, Februari 2022, vikajipanga kwa namna ambayo ni nadra: Parker ikapita ndani ya mkondo mmoja wa upepo kwenye umbali wa nusukipenyo 13 hivi za jua, na baada ya kama siku mbili mkondo uleule ukamfikia Solar Orbiter kwenye nusukipenyo 128 hivi. Yeimy Rivera na timu yake wakachapisha matokeo 2024. Ni kama kupima maji ya mto mmoja Moshi halafu ukayasubiri yaleyale Korogwe. Njiani upepo ulikuwa umeongeza spidi, kutoka kilomita 390 hivi mpaka zaidi ya 500 kwa sekunde, na joto halikushuka kama tairi. Wakati huohuo mawimbi makubwa ya Alfvén, yale yanayopinda mistari ya sumaku mpaka inageuka nyuma kwa muda, yalikuwa karibu yameisha. Walipojumlisha, nishati iliyopotea kwenye mawimbi ilitosha kulipa deni la joto na la spidi. Risiti zililingana.

Hilo la spidi nalo lisipite hivihivi. Kumbuka ile sheria kwamba uga ukidhoofika nguvu ya kuzunguka inageuzwa kuwa mwendo wa mbele. Kwa hiyo kila joto la pembeni ioni inalopewa karibu na jua, sehemu yake inalipwa baadaye kama kasi. Anayepasha ioni ndiye anayesukuma upepo, ni kazi moja, na bila hiyo ni vigumu sana kupata upepo wa kilomita 700 au 800 kwa sekunde kutoka korona ya milioni 1 tu.

Sasa twende upande wa pili, mbali kabisa. Chombo cha Voyager 2 kilipita sayari ya Neptuni Agosti 1989, umbali wa mara 30 wa dunia na jua. Kwa hesabu ya tairi protoni kule zilitakiwa ziwe na Kelvini kama 1,000. Zilikuwa kwenye 10,000 hivi, na mbele zaidi joto likaanza kupanda badala ya kushuka. Mawimbi yaliyotoka jua kule yameshachoka, hayawezi kufanya hiyo kazi. Kuni zimetoka nje. Kati ya nyota kuna atomu za haidrojeni zenye elektroni zake, hazina chaji, sumaku haizishiki, zinaingia kwenye eneo la jua kama mtu anayepita getini bila kusimamishwa. Mpaka siku moja atomu kama hiyo inakutana na protoni ya upepo, inaporwa elektroni, na palepale inakuwa ioni katikati ya upepo unaopita kwa kilomita 400 kwa sekunde. Uga unaikamata na inaanza kuzunguka duara kwa spidi hiyo yote. Ioni nyingi zikizunguka namna hiyo kwa pamoja haziwezi kutulia, zinatikisa mistari ya sumaku, zinazalisha mawimbi yao, na hayo mawimbi yanaingia kwenye msukosuko na kushuka mfereji uleule mpaka kwenye protoni za zamani zilizotoka jua.

Voyager 2 ilitoka kwenye eneo la upepo wa jua tarehe 5 Novemba 2018, miezi mitatu tu baada ya Parker kurushwa. Mpaka inavuka, protoni zilizoanza safari kwenye korona zilikuwa zinapata joto kutoka kwa haidrojeni ambayo haijawahi kuliona jua kwa karibu.